Shangazi, nikishamaliza salamu sina tena cha kusema, na ukweni wanasema naringa

BARUA

Shikamoo shangazi,

Naandika hii saa tano usiku, mume wangu kashalala. Nimeifuta mara mbili, hii ya tatu nikasema naituma hivihivi ilivyo.

Mimi ni binti wa miaka 27, kwetu ni Kibondo huko vijijini, sa hivi naishi Kigoma mjini, nafanya kazi maabara kwenye kituo kimoja cha afya. Huu ni mwezi wa nane tangu niolewe. Mume wangu ni mtu wa Ujiji, Ujiji kabisa kule ndani, familia kubwa, nyumba ambayo mlango haufungwi. Mimi nimelelewa na bibi mzaa mama, tulikuwa wawili tu, na bibi hakuwa mtu wa maneno. Tulikuwa tunaweza kumenya mihogo toka mchana mpaka jua linazama hakuna aliyesema kitu na hakuna aliyemkasirikia mwenzie. Ila akikutana na mtu njiani ndo utamshangaa, anasimama, anainama kidogo, anapiga yale makofi ya taratibu, anasema mwakeye, ile salamu yetu ya Kiha, wanaulizana watoto, shamba, mbuzi, yule mgonjwa, mvua, wakimaliza kila mtu anashika njia yake na bibi anarudi kwenye kimya chake. Nimekua nikijua dunia nzima iko hivyo.

Sasa kila Jumapili tunaenda ukweni. Wanawake tunakaa uani kwenye mkeka, mama mkwe, mawifi zangu wawili, mashangazi, majirani wanaingia na kutoka. Stori haikatiki shangazi, yaani huyu hajamaliza yule kashadakia, wanacheka, wanataniana, bei ya mawese, nani kaposwa, nani kahamia Gungu, na mimi nipo hapohapo na ungo wangu wa mchele. Salamu natoa vizuri, shikamoo zote natoa. Baada ya hapo kichwa kinakuwa cheupe. Wakiniuliza habari za kazi nasema nzuri. Wakiuliza bibi hajambo nasema hajambo. Alafu kimya, na nakisikia kabisa kile kimya kinavyotua juu yangu. Nikikaa kama lisaa hivi natafuta sababu ya kuinuka, naenda kuosha vyombo. Jumapili iliyopita niliosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Wiki mbili nyuma natoka kwenye vyombo nikamsikia wifi mkubwa jikoni anamwambia mdogo wake, "huyu msomi wa kaka anaringa, sisi wauza dagaa hatuna hadhi ya kuongea naye." Nililia kwenye bajaji mpaka nyumbani, mume ananiuliza nini, nikamwambia kichwa kinauma. Naapa siringi. Nawapenda wale watu. Wifi huyohuyo ndo alinipaka hina siku ya harusi yangu, alikaa na miguu yangu mapajani kwake masaa manne.

Mume nikimwambia ananijibu "we ongea tu." Sasa unaongeaje tu? Kazini ni vilevile, wenzangu wakinywa chai saa nne mi nabeba kikombe narudi maabara. Kwenye daladala nachomeka muziki masikioni nisisemeshwe. Na mwezi ujao shemeji yangu mdogo anaoa, siku tatu nyumba itajaa watu, nikifikiria tu tumbo linavuruga.

Naomba unisaidie. Hivi mimi naumwa? Nikishasalimia nasema nini? Na nikichoka natokaje bila kuonekana nimenuna?

Mkimya wa Kigoma


JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma jioni nimeshafunika cherehani, nikairudia asubuhi, na kilichonikaa ni ile sufuria safi. Umeosha kitu kisafi ili upate pa kupumulia. Mtu anayeringa haoshi sufuria za watu, anayeringa anakaa anasubiri chai iletwe. We unawahudumia wale watu toka unaingia mpaka unaondoka, ila huduma yote unaifanya umewapa kisogo, uko kwenye vyombo, wao wako kwenye mkeka, na watu wa mkekani wanaangalia uso na sauti, hawaangalii sufuria. Ndo hapo neno kuringa lilipopata nafasi. Limekuumiza na lina haki ya kukuumiza, maana kwetu huku mtu mkimya anapewa jina hilo haraka kuliko anavyopewa kigoda.

Kama unaumwa, hapana. Kuna watu wamezaliwa nguvu zao zinajaa wakiwa peke yao, wakikaa na kundi zinapungua, na wengine ni kinyume chake, wakikaa peke yao ndo wanapooza. Carl Jung, daktari wa Uswisi, ndo aliyeyaeneza haya maneno ya introvati na ekstrovati mwaka 1921, na hakuyaandika kama majina ya magonjwa, ni jinsi mtu alivyoumbwa. Sasa tofautisha na aibu. Aibu ni pale unapotaka kuongea kabisa lakini unawaza watanionaje. Na kuna kitu cha tatu kikubwa zaidi, hofu, ile ya moyo kwenda mbio, jasho, siku tatu kabla hulali, mpaka unaanza kukwepa kwenda kazini au unadanganya unaumwa ili usitoke nyumbani. Hiyo ya tatu inatibika na ukijiona umefika huko usisubiri, nenda kamuone daktari, we mwenyewe ni mtu wa afya unajua njia. Kwenye barua yako mi naona ukimya wa kuzaliwa mwingi na aibu kidogo juu yake, na hilo tumbo la harusi liangalie tu lisizidi hapo.

Sasa nikurudishe kwa bibi, maana jibu la swali lako la pili umeliandika mwenyewe humohumo.

Bibi hakuwa mtu wa maneno lakini njiani alikuwa anasimama, makofi, watoto, shamba, mbuzi, mvua. Unadhani alikuwa anatafuta habari za mbuzi? Mbuzi wa jirani alikuwa anawaona kila siku wanakula mihogo yake. Yale maswali yana mpangilio wake, wameyaweka wazee, ukishika la kwanza la pili linakuja lenyewe, ndo maana mtu mkimya kama yeye aliyamaliza yote bila kutafuta neno. Stori za mkekani ni kitu hichohicho mwanangu, ni salamu ambayo haijaisha. We umejiwekea kwamba salamu ni shikamoo na marahaba, alafu baada ya hapo unaanza mtihani wa kuwa mchangamfu, kumbe wenzio bado wako kwenye salamu, wanaambiana tu nipo, nakuona, hatujambo. Ndo maana wanaongelea bei ya mawese wakati asubuhi wote wametoka sokoni na wote wanaijua. Hakuna anayekusubiri useme kitu cha maana. Ondoa huo mzigo kwanza.

Na hapohapo Ujiji kuna mfano mkubwa, unapita karibu nao kila Jumapili, pale kwenye miembe ya makumbusho. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti, alitembea zaidi ya miezi saba kutoka pwani anamtafuta mmisionari Livingstone, kapita magonjwa, kapita vita, kafika, mzee yule pale kasimama mbele yake. Aliandika baadaye kwamba alitamani amkimbilie amkumbatie lakini akaogopa, watu wamejaa, hajui atapokelewaje, basi akatembea polepole, akavua kofia, akauliza tu kama yeye ndiye Daktari Livingstone. Wengine wanabishana kama alisema vile kweli, maana kurasa za siku ile kwenye daftari lake zilichanwa. Mi kinachonigusa ni kilichofuata. Walienda kukaa barazani, Livingstone kapewa furushi la barua ambazo amezisubiri miaka, akachukua moja mbili za watoto wake akasoma, nyingine akaziacha, akasema amezoea kusubiri, kwanza nipe habari, dunia inaendaje huko? Stanley akaanza kumhadithia, Mfereji wa Suez umefunguliwa, hiki na kile, mpaka jioni. Mtu ana furushi la barua magotini na anaanza na habari za huko. Hiyo ndo staili ya mkekani, na we unayo tayari kwenye damu kutoka kwa bibi.

Tuje kwenye lile neno lako, nzuri.

Mi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma hapahapa, mwaka wa 19 huu. Ukikata gauni lazima uache pindo, kale kanguo kanakobaki ndani ambako mwenye nguo akinenepa unakaachia. Ukikata mpaka kwenye mstari nguo itavalika leo lakini haina pa kuongezea. Jibu lako la "nzuri" umelikata mpaka kwenye mstari. Mwenzio hata akitaka kuendelea hana pa kushika. Acha pindo. Akikuuliza habari za kazi sema, "nzuri mama, ila hizi mvua zimetuletea foleni ya vipimo vya malaria, juzi nimeinamia hadubini mpaka shingo ikagoma kugeuka." Hapo umeacha mvua, umeacha malaria, umeacha shingo, na mmoja kati ya wale mashangazi ana shingo yake mwenyewe ya kusimulia, we kaa usikilize. Wakiuliza bibi, "hajambo, kanitumia maharage ya njano kwa basi la Kibondo, nimeyala siku mbili mfululizo." Basi, sentensi moja ya ziada, sio hotuba.

Nikuonye kidogo hapo kwa sababu ya kazi yako. Watakuja kukuuliza fulani kapimwa nini, jirani yule anaumwa nini, na ukijibu mara moja tu hutarudi nyuma. Naamini unalijua, na nahisi ndo sababu mojawapo umezoea kufunga mdomo kuhusu kazi. Ongelea mvua, foleni, shingo, mashine iliyogoma. Mgonjwa hata mmoja usimguse, hata bila jina.

Alafu swali. Wifi kasema wao ni wauza dagaa na we ni msomi. Sikiliza hilo vizuri, ndani ya lile neno kali amekuambia hasa anachotaka aulizwe. We unajua nini kuhusu dagaa? Unajua kula. Wale wanajua usiku gani boti zinatoka, Kibirizi asubuhi bei inaanzia wapi, mvua ikinyesha dagaa wako mchangani hawajakauka hasara inakuwaje. Muulize. Na usimuulize kama mtu wa sensa, muulize mikono ikiwa kwenye mchele, bila kumkodolea macho.

"Wifi, wiki hii dagaa vipi?"

"Ah, mwezi mweupe huu, hamna kitu."

Wengi hapa wanasema pole alafu kimya kinatua, kilekile unachokiogopa. Usiende kutafuta mada mpya, chukua neno alilokupa ulirudishe. "Kwahiyo mwezi ukiwa mweupe boti hazitoki kabisa?" Hapo ataweka kisu chini akueleze, kwamba dagaa wanafuata taa, na mbalamwezi ikiwaka ziwa lote linang'aa taa haivuti kitu, kwahiyo wavuvi wanapumzika mpaka giza lirudi, na hizo siku za kupumzika ndo watu wanatengeneza nyavu na wanawake wanahesabu madeni. We umesema maneno yasiyofika kumi na tano na umeongea na wifi yako robo saa. Kuna watafiti wa Harvard mwaka 2017 waliangalia maongezi ya watu, wakaona wanaouliza maswali ya kufuatilia, yale yanayotokana na jibu la mwenzio, ndo wanapendwa zaidi na wanaoongea nao. Mtu mkimya hapo ana mtaji mkubwa maana anasikiliza kweli, hawazi atasema nini yeye. Siku nyingine muulize ile miezi mitatu ya 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, waliishije. Hata mi huku kwenye vitambaa niliisikia, kuna magauni yalining'inia hapa yamekamilika mpaka ziwa likafunguliwa ndo wenyewe wakaja. Kila mtu wa Kigoma ana la kusema kuhusu ile miezi.

Na usihangaike kutafuta swali jipya kila wiki. Nikueleze kitu cha kazini kwangu. Mimi pia ni mtu wa kimya, nyumbani kwangu redio ndo inaongea. Nilipoanza kushona nilikuwa napima watu bila neno, mkanda shingoni, pini mdomoni, napima kiuno naandika, mtu anageuka napima mgongo. Nguo zikawa zinarudi, zinabana, na vipimo nimechukua mwenyewe kwa mkono wangu. Fundi aliyenifundisha akanikalisha akaniambia, hawa wanawake ukiwapima kimya wanabana pumzi, tumbo linaingia ndani, unaandika kiuno ambacho hakipo, waongeleshe, mtu akiongea anapumua, na akipumua ndo unapata kiuno chake cha kweli. Toka siku hiyo nina swali moja tu, "nguo ni ya shughuli gani?" Nimeuliza hilohilo miaka 19, ya harusi, ya Idi, ya mahafali ya mtoto, na kila mtu analijibu kama hajawahi kuulizwa. Mkanda unazunguka kiuno, yeye anasimulia, pumzi inatoka, naandika namba. Kwahiyo we chagua maswali yako mawili ya Ujiji, dagaa moja na la pili la mama mkwe, labda kuhusu mume wako alivyokuwa mdogo, hilo halijawahi kumshinda mama yeyote. Yatumie hayo mpaka yachakae.

Kitu kingine ni mahali pa kukaa. Usikae kona ya mkeka ukiwatazama wote, utaona kundi na kundi linakumaliza. Kaa ubavuni kwa mtu mmoja, na ningekuwa we ningeanza na wifi mdogo, mgawane ungo mmoja, wewe unatoa mawe yeye anatoa chuya, mnaongea mnaangalia mchele. Macho yakiwa chini maneno yanapita kirahisi, sijui kwa nini lakini naona hata kwa wateja, wakijitazama kwenye kioo wanaongea kuliko wakinitazama mimi. Na vyombo vilete hapohapo. Beseni lisogeze karibu na mkeka, uoshe ukiwa kati yao, badala ya kwenda nyuma ya nyumba.

Najua ukirudi nyumbani utaanza kurudia kichwani, nilisema nini, mbona nilicheka vile, mbona nilinyamaza pale. Mwaka 2018 wanasaikolojia walitoa utafiti wao, waliwakalisha watu wasiojuana waongee alafu wakauliza kila mmoja, unadhani mwenzio amekupenda kiasi gani? Watu wengi walidhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Sio wakimya peke yao, watu kwa ujumla. Kwahiyo ile sauti ya kwenye bajaji inayokuambia umeharibu, jua inapima kwa mkanda uliokatika.

Kuhusu wifi mkubwa, usimwendee na maneno uliyoyasikia jikoni. Ukimwambia "nilikusikia" utamwaibisha na ataanza kukuogopa, na undugu wenu ndo kwanza unashonwa. Alikushika miguu masaa manne mwanangu, mwanamke hakai na miguu ya mtu asiyempenda. Nadhani ana kiu na wewe, alitegemea dada kapata ukuta, ndo uchungu ukatoka vile. Nenda kwa mama mkwe, siku ya kawaida sio Jumapili, peke yako, na kasukari kako mkononi, umwambie kwa maneno machache unayoyaweza, "mama, mimi nimelelewa na bibi, sijui kuongea sana, nikinyamaza sijakasirika wala sijachoka na nyie, napenda kukaa hapa." Basi, usiongeze. Mama ataipeleka ile habari anakojua yeye na itafika jikoni bila wewe kuibeba. Hili kwangu ndo kubwa kuliko yote niliyoandika, kwa sababu kimya ambacho hakijaelezwa kila mtu anakipa maana yake, na ukishakieleza mara moja kinakuwa ni tabia tu ya mke wa fulani, watakuzoea.

Na mume wako, nisomee hii sehemu kwa sauti awe anasikia. Baba, "ongea tu" sio msaada. Kumwambia mtu mkimya aongee tu ni sawa na kumwambia mtu asiyejua kuogelea aingie tu ziwani, na nyie watu wa Ujiji mnalijua ziwa. Dada zako ni wa kwako, we ndo daraja. Jumapili hii usifike tu ukatoroka kwenda kijiweni kwenye kahawa, kaa pale uani dakika kumi na tano za mwanzo, anzisha stori ambayo mkeo anaijua na mwache amalizie kipande kidogo. Usimuite mbele ya watu "hebu changamka", hilo neno linamfunga mtu mdomo mwezi mzima, nimeliona likimfanyia mwanangu mwenyewe shuleni na mpaka leo linaniuma.

Harusi sasa. Siku tatu ukikaa bila kazi maalum utaisha siku ya kwanza saa sita. Omba kazi mapema, na uombe ile ya daftari, kuandika michango na zawadi, nani kaleta nini. Mtu wa maabara mwandiko wake unasomeka na hesabu hazimpotei, watafurahi. Uzuri wa daftari ni kwamba watu wanakujia mmoja mmoja, kila mmoja anakuja na stori yake mkononi, doti ya kitenge, seti ya vikombe, na swali lako liko tayari, "umetokea wapi mama, safari ilikuwaje?" Watu mia watakuwa wamesalimiana na wewe na hakuna hata mara moja uliyokaa katikati ya kundi. Wakikunyima daftari omba chai, mbeba chai naye anapita kwa kila mtu na hakuna anayemshangaa akiondoka.

Kutoka bila kuonekana umenuna, siri ni kusema unaenda wapi na kwamba unarudi, alafu urudi kweli. "Ngoja niangalie chai ya wazee, nakuja." Kaa huko dakika kumi nyuma ya nyumba, pumua, tazama kuku, rudi ukae palepale ulipokuwa. Wanaochukiza ni wale wanaoyeyuka. Vipindi vya swala navyo vitumie, adhuhuri na alasiri una dakika zako za kimya ambazo hakuna mtu Ujiji atakayekuuliza, baada ya kuswali kaa kidogo kwenye mswala, usiharakishe kukunja. Na mkubaliane na mume mapema saa ya kuondoka kila usiku, mlale kwenu, asubuhi urudi mzima.

Chai ya kazini kunywa nao siku mbili kwa wiki, nyingine rudi maabara kwa amani. Daladala sioni tatizo kabisa, msalimie wa pembeni yako ukikaa, alafu chomeka muziki wako, ile safari ni yako na unaihitaji.

Jumapili hii angalia mwezi kabla hujatoka, ujue swali la dagaa unaliingiza upande gani. Harusi ikiisha niandikie, nataka kusikia kama daftari walikupa na wifi mkubwa alileta nini. Na ukiongea na bibi kwenye simu mwambie kuna fundi wa Mwanga anamsalimia, mwakeye.